Mwalimu wa Historia na Ng'ombe wa Bibi

Walimu wa shule yetu walikuwa hawakai. Waliripoti Jumatatu na begi moja na godoro la kukunja, Jumanne wakauliza mtandao unashika wapi, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele tayari wamepata shangazi mgonjwa mkoa wa mbali anayehitaji mtu wa kumwangalia. Shule yenyewe ilikuwa Bugarama, upande ambao malori ya mgodini yalipita mchana kutwa, na vumbi lake liliingia darasani bila kupiga hodi. Mwalimu wa hesabu hakusumbuka hata kuhama. Aliingia duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na wachimbaji wadogo, na asubuhi moja tulikutana naye njiani amevaa tochi kichwani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa haya kidogo, akashika njia yake.

Kwa hiyo tukiwa kidato cha tatu, alipokuja mwalimu mpya wa historia, darasa zima lilianza kubashiri atadumu hadi lini. Waliomwonea huruma walimpa muhula mmoja. Alitoka Tanga, mtu mwembamba, suruali yake imenyooshwa kwa pasi mpaka mstari unaonekana kwa mbali, na kanzu nyeupe ya Ijumaa ambayo baada ya kufuliwa kwa maji yetu ikawa na rangi ya udongo wetu. Alisema Kiswahili kile tulichozoea kukisikia redioni kwenye taarifa ya habari. Hata akikugombeza ulikuwa unatamani aendelee.

Mimi sikubashiri chochote. Mimi nilimhitaji akae, tena akae mpaka tufanye mtihani wa kidato cha nne, na nitasema sababu waziwazi. Baba yangu, mfugaji na mkulima wa mpunga, alikuwa ameniwekea sharti lisilo na kona: nikifaulu atauza dume niende kidato cha tano, nisipofaulu nitakwenda Nyasubi, pale Kahama mjini, kumsaidia shangazi kuuza dagaa sokoni. Shangazi nilimpenda na dagaa nilikuwa nawala, ila sikutaka kunuka dagaa maisha yangu yote. Hesabu nilishaagana nazo siku ile mwalimu wake alipovaa tochi. Fizikia tuliijua jina tu. Somo lililokuwa linaniingia kichwani na kukaa lilikuwa historia, na historia ilikuwa na mwalimu mmoja.

Nilikuwa naishi kwa bibi mzaa baba, kwa sababu kwake ni karibu na shule. Bibi alikuwa mjane mwenye ng'ombe wake mwenyewe, mdomo wake mwenyewe, na boma lililozungushiwa minyaa ambamo hakuna mtu aliyeingia bila kuulizwa katoka wapi. Alikuwa akiuza maziwa mgando kwa walimu, na kila asubuhi alipita mlangoni kwa mwalimu wetu mpya na kibuyu.

Sasa hilo somo lenyewe. Mada ilikuwa utawala wa kikoloni, na mwalimu alianza kwa kutuuliza kipande ni nini. Kijana mmoja wa dawati la mbele akajibu upesi kwamba ni cha nyama. Mwalimu hakumcheka. Alimwambia kwamba hata waliopewa hicho kingine wangependelea cha nyama, kisha akatueleza juu ya karatasi ambayo mwenyeji alitembea nayo katika nchi yake mwenyewe, ionyeshe anafanya kazi kwa nani na amebakiza siku ngapi. Mtu yuko kwao, akasema, lakini lazima athibitishe kwamba anaruhusiwa kuwa kwao.

Kuanzia hapo akatoka nje ya kitabu, kama kawaida yake. Alisema lile analotaka kutuambia halitaulizwa kwenye mtihani, ila tutakutana nalo duniani. Zamani, akasema, kule Natal, Afrika Kusini, na baadaye Australia, wazungu waliotawala walitaka kuwazuia Wahindi, Wachina na watu weusi wasiingie kuishi. Lakini kuandika kwenye sheria kwamba hatutaki rangi fulani kulikuwa kunatia aibu. Wakatafuta njia ya adabu. Mgeni akishuka bandarini anakabidhiwa kalamu na kuambiwa aandike kwa lugha ya Kizungu. Huko Australia ikawa ni imla kabisa: ofisa anasoma, wewe unaandika, na lugha anaichagua ofisa. Unajua Kiingereza? Basi leo imla ni ya Kijerumani. Ukishindwa, hujakataliwa kwa rangi yako, umefeli tu.

Tulibishana sana siku ile. Mmoja alisema hata sungusungu wa kijijini kwao hawamruhusu mtu kuhamia bila utambulisho wa kule alikotoka, kwa hiyo wazungu walikosea nini. Mwingine akamjibu kwamba sungusungu wanakuuliza kama wewe ni mwizi wa ng'ombe, hawakuulizi Kijerumani. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya meza anaturuhusu tupayuke. Kengele ilipolia akasema kesho tutaendelea, na tuje mapema.

Kesho yake tulimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni pa darasa, miguu ameinyoosha, amefunga njia. Akatangaza kwamba darasa ni nchi na yeye ni ofisa. Nchi hii haibagui mtu, akasema. Kila anayetaka kuingia atatamka sentensi moja tu ya Kiswahili, lugha ya taifa, na atakayeitamka sawasawa karibu sana. Sentensi ilikuwa hii: alirarua ratiba, akarudi barazani, akalala.

Msomaji ambaye hajakaa na Wasukuma huenda asione tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba lugha yetu ya nyumbani haina r. Tunaijua kwa macho, tunaiandika vizuri kabisa, ila ikifika ulimini inakuwa l. Wa kwanza akajitokeza kifua mbele akasema alilalua latiba, akaludi balazani, akalala. Mwalimu akamwonyesha jua la kusimama. Wa pili vilevile. Wa tatu alijitahidi mno, r zote zikaja, tena na zile zisizohitajika, akasema mwisho akarara, naye akafelishwa. Walioingia walikuwa watoto wawili wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka pwani na msichana mmoja wa Kihaya. Walikaa ndani peke yao, na madawati yote yakiwa yao, wakituchungulia dirishani kama wenye nchi.

Zamu yangu nilisema polepole, nikaukunja ulimi, nikaivuta r ya kwanza ikaja nzuri, ya pili ikaja, hata ya nne ikaja, halafu nikafurahi mapema. Nikasema balazani. Nilikasirika nikataka kulia. Nilimwambia mwalimu kwamba mimi ni wa hapahapa, babu yangu kazikwa hapa, na yeye ndiye mgeni. Akaniambia kwa upole wa ofisa kwamba hakuna aliyesema mimi si wa hapa, ni matamshi tu.

Alitusimamisha mpaka shingo zikapata moto, kisha akainuka, akatuingiza wote, akaomba radhi, na akauliza swali moja: je, kuna mahali popote mlangoni pale aliposema Msukuma haingii? Niliielewa historia siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, na nilikuwa bado nimenuna.

Nyumbani nilimsimulia bibi yote, na nilitia chumvi. Bibi hakusikia habari za Natal wala za Australia. Alichosikia ni kwamba mtoto wa watu katoka Tanga kuja kufunga mlango Bugarama. Akauliza kama ni yuleyule anayenunua maziwa. Nikasema ndiye. Akasema sawa, Jumapili mwite aje ale.

Jumapili mwalimu alikuja na sukari na kipande cha sabuni, amevaa kanzu. Ndani tulikuwa tumepika kuku, ugali wa mtama na majani makavu ya kunde tunayoyaita nsansa, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ya kushushia. Bibi alikuwa ameweka kigoda chake katikati ya uwazi wa minyaa, penyewe pa kuingilia, na amejikunja na kanga zake mbili kama mtu asiye na mpango wa kuinuka. Mwalimu akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba. Kisha bibi akamwuliza, kwa salamu yetu ya kila siku: mhola?

Mhola ni kuuliza kama kuna amani, kama mambo ni shwari, na jibu lake ni neno hilohilo, mhola. Ila ile mh ya mwanzo haitoki mdomoni tu. Unafunga midomo, unapuliza pumzi puani, ndipo neno linaanza. Mtoto wetu wa miaka miwili analitamka akiwa na uji mdomoni. Mtu wa Tanga halitamki.

"Mola," akajibu mwalimu, na akaongeza kwa heshima, "Mola ni mkubwa, bibi."

Bibi akasema hapana. Mhola. Mwalimu akasema Mola. Bibi akamwambia mlango huu haubagui mtu, ni matamshi tu. Hapo mwalimu akanitazama mimi niliyejificha nyuma ya ghala, akaelewa amekamatwa, akaanza kujaribu kwa bidii. Akasema em-hola. Akasema mm, akapumzika, akasema hola. Alipuliza puani mpaka kikamtoka kitu, akaomba leso. Watoto wa majirani walikuwa wamejaa kwenye minyaa, kuku alikuwa anapoa, na jua lilikuwa lilelile alilotusimamisha sisi.

Ndipo ikajulikana habari ambayo bibi aliisimulia mpaka watu wakaichoka. Mwalimu alikiri kwamba tangu afike Bugarama, kila alipopita na kusikia watu wakisalimiana alidhani wanamtaja Mwenyezi Mungu. Sokoni Mola, kisimani Mola, mlevi naye anatoka kilabuni anasema Mola. Alishampigia simu mama yake Tanga kumwambia kwamba amepangiwa kazi kwa watu wacha Mungu ambao hajawahi kuona mfano wao, wanaotaja jina la Mola kabla ya kunywa chai. Na mama yake alimwambia basi atulie hukohuko, ajifunze kwao.

Bibi alicheka hadi kanga ikamdondoka begani. Akainuka kwenye kigoda, akamshika mwalimu mkono, akamwingiza ndani bila kufaulu. Akamwambia, "Kalibu, mwalimu. Ule, unenepe kidogo, hiyo pua itapata nguvu." Kuku tulimla amepoa.

Baada ya siku hiyo wakawa watani. Mwalimu akija kula, bibi anamwuliza ameshasali kwa walevi. Bibi akipita na maziwa, mwalimu anamwambia atamke ratiba. Mimi nilikaa katikati yao na daftari langu, nikimuuliza mwalimu juu ya vita vya Majimaji wakati anatafuna matobolwa, na nikawa naongoza darasa katika historia kwa sababu nilikuwa na mwalimu darasani na jikoni.

Lakini tulijua. Kila mwalimu aliyekuja kwetu aliomba uhamisho kabla hajafungua begi, na huyu mke wake alikuwa amebaki Tanga. Mwanzoni mwa kidato cha nne nilimwambia bibi wasiwasi wangu, dagaa wa Nyasubi na yote. Bibi alitafuna ugoro wake. Wiki ile ile alimpelekea mwalimu ng'ombe.

Hapa lazima nieleze desturi, maana mwalimu hakuelezwa. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi anaweza kumkabidhi mwenzake mmoja amlee. Maziwa ni ya mlezi, samadi ni ya mlezi, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ni heshima kubwa. Huwezi kumpa ng'ombe mtu usiyemwamini. Ila mlezi wa ng'ombe wa watu hahami. Akitaka kuondoka, sharti amrudishe ng'ombe kwa mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya watu wazima, na siku ya kumpokea anaipanga mwenye ng'ombe. Ukiondoka bila hivyo umeiba, hata kama ng'ombe umemwacha anakula majani.

Mwalimu alimpokea yule ng'ombe mwekundu wa maziwa kwa furaha ya mtoto. Alimjengea kibanda nyuma ya nyumba ya walimu, akawa anamkatia majani akitoka darasani akiwa bado na chaki kwenye vidole. Majirani walimpongeza kwa sauti kubwa kupita kiasi. Sisi wanafunzi tulitazamana. Mlinzi wa shule, mzee wa Kisukuma, alisema huyo sasa kaolewa.

Uhamisho ulikuja katikati ya mwaka, wa kwenda karibu kabisa na kwao. Alitutangazia yeye mwenyewe. Jioni akaja kwa bibi kurudisha ng'ombe, kwa kuwa walimu wenzake walikuwa wameshamdokeza kwamba ng'ombe wa kulea hurudishwa kwa mwenyewe. Bibi akamkaribisha, akampa maziwa, akamwambia leo si siku nzuri, mwezi ni mwembamba. Akaja tena wiki iliyofuata. Bibi akasema lazima baba yangu awepo, na baba amekwenda kwenye mpunga. Baba aliporudi, ikaonekana ng'ombe ana mimba, na ng'ombe mwenye mimba hahamishwi banda. Mwalimu akauliza kama kutoka nyumba ya walimu hadi kwa bibi ni kumhamisha. Bibi akasema, "Kwani wewe ukihamia jilani hujahama? Halaka ya nini, mwalimu?"

Mimi nilifurahi, sisemi uongo. Kila alipokuja na kurudi bila kumkabidhi ng'ombe, mimi nilihesabu mada tuliyomaliza. Mwalimu naye aliendelea kufundisha, hakununa, hakupunguza bidii. Mkuu wa shule, ambaye hakuwa na mtu wa kuziba pengo la mwalimu, hakumharakisha hata kidogo. Siku moja tulikuwa tunarudia mambo ya nyuma, akauliza sheria zile za imla zilikuwa na alama gani ya kuzitambua. Msichana wa Kihaya akajibu kwamba zinakupa sababu nyingine, tena nzuri, na ile yenyewe hazisemi. Mwalimu akasema vizuri sana. Akasema pia kwamba zipo za kuzuia mtu asiingie na zipo za kuzuia asitoke, na za pili mara nyingi hupikiwa kuku. Darasa lilicheka, na mimi nilicheka kwa kuchelewa.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Jumamosi. Bibi alinituma nikachukue kibuyu kwa mwalimu. Nilifika uani nikamkuta amekaa juu ya ndoo kando ya ng'ombe, amesahau kukamua, simu ameiweka kwenye goti na sauti ameifungulia. Kulikuwa na mtoto mchanga analia ndani ya ile simu. Hakuna aliyekuwa akiongea. Mke wake alikuwa ameishikilia tu upande wa pili, na mwalimu alikuwa anasikiliza, akitabasamu kidogo mtoto akivuta pumzi, kisha uso unashuka mtoto akianza upya. Nilijua mke wake alikuwa amejifungua. Mwalimu alitugawia peremende darasani siku alipopata habari, na tulimpigia makofi. Ila nilikuwa sijafikiria kwamba mtoto huyo ana umri wa kulia kwa nguvu kiasi kile na baba yake bado anamjua kwa masikio.

Nilichukua kibuyu nikarudi. Njiani nilijiambia sitasema neno. Mtihani ulikuwa karibu, mada mbili kubwa zilikuwa bado, na kulia kwa watoto ni kazi yao. Nilifika nikaosha kibuyu, nikakifukiza, nikakiweka mahali pake. Kisha nikamwambia bibi. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu nilijua ninachokitupa.

Bibi aliuliza jambo moja tu, kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Nikasema wa kike. Akafunga kanga yake kiunoni, akachukua kamba ukutani, akaniambia nimwite baba na mlinzi wa shule waje wawe mashahidi.

Mwalimu alituona tunaingia uani kwake watu wanne, akasimama na ndoo mkononi. Bibi akamwambia amekuja kumpokea ng'ombe. Mwalimu akauliza na ile mimba je. Bibi akasema mimba itatembea. Baba alitaka kucheka akaona uso wa mama yake, akaacha.

Mwalimu hakuikimbilia kamba. Alinitazama mimi, kisha akamwambia bibi kwamba amebakiza kidogo sana na darasa hili, anaweza kusubiri hadi mtihani, mkewe ataelewa.

"Hawa wana vichwa, wana madaftali," bibi akasema. "Yule mtoto wako ana baba mmoja, na baba mwenyewe nimemfunga mimi kwa kamba ya ng'ombe. Nenda, baba. Nenda umwone mwanao."

Mwalimu akasema alijua amefungwa tangu mwezi mwembamba. Bibi akamwuliza mbona basi hakumfunga ng'ombe kwenye mti akapanda bodaboda, nani angemfuata Tanga. Mwalimu akashangaa swali lenyewe. Akasema, "Bibi, ulinipa ng'ombe. Ningemwachaje kwenye mti?"

Bibi alimshika ng'ombe pembe akamgeuza kichwa kuelekea nyumbani. Mimi nililia waziwazi, sikuwa na sababu ya kujificha.

Mwalimu hakuondoka siku hiyo. Alituomba tuje asubuhi kabla ya paredi na jioni baada ya usafi, na Jumamosi kutwa, akatupitisha mada mbili zile kwa mbio, ubao unajaa na kufutwa kabla chaki haijatulia. Alipomaliza sentensi ya mwisho ya mada ya mwisho alikung'uta mikono, akasema basi. Bodaboda ilikuwa inamsubiri chini ya dirisha na begi lake limeshafungwa. Nusu ya darasa ilikimbia nyuma ya pikipiki hadi barabara kuu, tukala vumbi la pikipiki na la malori juu yake.

Mtihani tuliufanya bila yeye. Nilifaulu, historia nikaipata vizuri kuliko yote, na baba akauza dume kama alivyoahidi, ingawa alilalamika juu ya bei yake kwa mwaka mzima.

Ng'ombe yule alizaa ndama jike muda mfupi baada ya mwalimu kuondoka. Bibi alikata shauri kwamba mimba iliingia akiwa kwa mwalimu, kwa hiyo ndama ni wa mwalimu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sheria hiyo kaitoa wapi. Akanifanya nimpigie simu. Mwalimu alimshukuru sana, akasema Tanga ni mbali, amlelee.

Sasa ninaishi Geita. Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu, ina maji ndani na umeme, na chumba kimoja nilikijenga nikimfikiria bibi. Magoti yake yamechoka, paa lake linavuja, baba alishafuata malisho Katavi, na pale bomani amebaki na mtoto wa binamu yangu na ng'ombe wachache. Kila nikienda namwomba ahamie kwangu. Kila mara ananipa jibu lilelile, kwa upole, bila ugomvi: yeye angependa sana, ila ana ng'ombe wa watu. Mlezi hahami. Mwenye ng'ombe hajaja kumchukua. Yule ndama sasa ni ng'ombe mzima mwenye wajukuu, nao wote, kwa hesabu ya bibi, ni wa mwalimu.

Mwezi uliopita nilichoka. Nilimpigia mwalimu simu, nikamweleza hali ya magoti na paa, nikamwomba kama mtu mzima kwa mtu mzima aje awachukue ng'ombe wake, au awauze, au awatoe sadaka, ili bibi awe huru kuhama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama bibi mwenyewe amewahi kusema anataka kuhama. Nikasema hapana, hajawahi.

"Basi mimi sina haraka ya ng'ombe," akasema. "Mwambie aniwekee."

Nilikata simu kwa hasira, na nilikuwa na hasira hadi jioni, maana hakuna kitu kinaudhi kama kufelishwa na mwalimu yuleyule mara mbili. Jumamosi iliyofuata nilinunua mabati na misumari, nikatafuta gari dogo la mizigo na fundi mmoja, tukaenda Bugarama. Bibi alitupokea kwenye uwazi wa minyaa, akayagusa mabati moja moja, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya paa lake. Akafikiri kidogo, akasema ni mazuri, ila tuanze na banda la ng'ombe.